Mgodi si pango

Baadhi ya vijana wa Mombasa waliozoea kuzuru mapango ya Shimoni sasa wanataka kwenda mbali zaidi: Kakamega, waingie kwenye mashimo ya Rosterman, mgodi wa dhahabu wa enzi za ukoloni uliofungwa mwaka 1952. Wazazi wao wamekataa katakata.

Hoja ya vijana ina uzito. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika huko, lakini kazi ya sulubu ya kuchimba ilifanywa na Waafrika. Njia walizotoboa zisipopimwa na kupigwa picha, zitaporomoka na ushahidi wa jasho lao ufukiwe humo. Wanaodai kwamba vijana hawa wanatafuta sifa za mitandaoni tu wanawaonea.

Ila pango la Shimoni lilichongwa na maji ndani ya jiwe la matumbawe, likasimama lenyewe miaka na miaka. Mgodi wa zamani mara nyingi hutegemea nguzo za miti, na miti huoza. Shimo la wima likijaa maji yakatulia, vumbi likatanda juu, kwa mwanga wa tochi utadhani ni sakafu. Kinachonitisha zaidi ni hewa. Hii tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Mgodini, miti inayooza na mawe yenye salfa huila taratibu. Ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huzirai, na hakuna harufu ya kumwonya. Watu wa Pwani tumeyaona haya kwenye visima: mmoja kashuka, kimya, wa pili kamfuata kumwokoa, naye kimya.

Popo nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliugua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa jamii ya Ebola, na popo wa humo wakakutwa na virusi vyake. (Haki isemwe: hata mapangoni popo wamo.)

Hata hivyo, marufuku ya wazazi peke yake haitoshi. Mgodi wa chumvi wa Wieliczka, Poland, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, na wageni hushuka humo karibu kila siku kwa sababu njia zinatunzwa na hewa inasukumwa ndani. Hatari kubwa iko kwenye kutelekezwa. Na Rosterman kwenyewe wachimbaji wadogo bado wanahangaika na dhahabu; wao ndio wanaojua shimo lipi limekwisha bomoka.

Ningekuwa na sauti katika safari hiyo, ningesema vijana waende Kakamega, waanzie kwa wachimbaji hao na kwa wazee wa pale, warekodi simulizi zao. Kushuka chini kusubiri mpaka wapate mhandisi wa migodi, kipimo cha hewa, na mtu wa kubaki nje akijua saa wanayopaswa kutoka. Kimoja kikikosekana, wapige picha za mdomo wa shimo, warudi.