Acheni Kokoto Zitoe Hukumu

Jioni ya tarehe 2 Julai 2023 nilizima televisheni nikijua Carlos Sainz amemaliza wa nne kwenye mbio za Formula 1 za Austria, na Lewis Hamilton wa saba. Asubuhi nilipofungua simu, Sainz alikuwa wa sita na Hamilton wa nane. Usiku ule hakuna gari lililosogea hata shubiri. Timu ya Aston Martin ilikuwa imelalamikia matokeo, waamuzi wakarudi kwenye picha za kamera, na madereva wanane wakaongezewa sekunde saa kadhaa baada ya washindi kupokea vikombe vyao.

Sababu ni mstari mweupe unaochorwa ukingoni mwa barabara ya mbio, ambao kazi yake nataka ifanywe na kokoto zilizomwagwa pembeni. Kanuni inasema gari likivuka mstari huo kwa matairi yote manne, limetoka barabarani. Ukipitia nje, unabeba mwendo mkubwa zaidi kwenye kona, na kila mzunguko unajipunguzia muda. Makosa ya kwanza husamehewa kwa onyo, ukiendelea unapewa sekunde 5, kisha 10. Siku ile wasimamizi waliletewa matukio zaidi ya 1,200 ya magari yanayoshukiwa kuvuka. Magari 20, mizunguko 71, matukio 1,200! Hakuna chumba cha watu wenye macho mazuri kiasi gani kitakachomaliza kazi hiyo kabla bendera ya mwisho haijapepea.

Simtetei dereva aliyevuka. Alivuka, na kanuni ni ile ile kwa wote. Lakini kaeni mle ndani ya gari kidogo. Kona ya 9 na ya 10 pale Spielberg, kwenye kiwanja cha mbio za Austria, zinashuka, unaingia kwa kasi kubwa, umekaa chini karibu na lami, na matairi ya mbele yanakuziba. Mstari wa rangi huuoni, unaukisia tu. Nje yake kulikuwa na lami pana na safi kama ile unayoiacha. Gari halipunguzi mwendo, usukani hautetemeki. Utajuaje kwamba umekosea? Utaambiwa. Na siku ile wengine waliambiwa usiku.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Adhabu ya mchezo inapaswa kumfikia mchezaji akiwa bado mchezoni, ili ajirekebishe na apambane upya. Kwenye pikipiki za MotoGP, tangu 2019, mpandaji anayerudiarudia kutoka nje anaweza kuamriwa apite njia ndefu ya pembeni, mbio zikiendelea. Anapoteza muda, wenzake wanamwona anapoteza, nasi watazamaji tunaona. Na anayefuatilia Safari Rally kule Naivasha anajua kwamba jiwe lililojificha kwenye majani ya ukingo wa njia halisubiri kikao. Ukikata kona vibaya, tairi limekwisha.

Najua lami ile pana haikuwekwa kwa uzembe. Iliwekwa kuokoa maisha. Dereva aliyepoteza gari kwenye lami bado ana breki; kwenye kokoto magurudumu yanaweza kuzama na gari likabinuka. Na kokoto hazisimamishi kila kitu: Silverstone, Uingereza, mwaka 2022, gari la dereva Zhou Guanyu lilipinduka, likateleza kichwa chini juu ya kokoto kana kwamba hazipo, likaruka matairi ya kinga na kugonga uzio. Zhou alitoka mzima, na kila nikiiona ile picha moyo unanidunda. Kwa hiyo sitaki turudishe bahari za kokoto kila kona.

Ninachotaka ni ukanda mwembamba tu wa kokoto, na nyuma yake lami ibaki. Mwaka 2024 Austria walifanya hivyo hivyo kwenye kona ya 9 na ya 10, na tatizo lililokuwa likijaza meza ya wasimamizi likapungua sana. Madereva walewale, magari yenye kasi ileile. Tairi lililokanyaga kokoto linapoteza mshiko, muda unapotea papo hapo, na hakuna haja ya mtu kupiga simu.

Lakini hata mwaka huo kazi haikukamilika. Kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia mbio, dereva Oscar Piastri alifutiwa mzunguko wake bora kwa kuhukumiwa kuvuka mstari kwenye kona ya 6, akashuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya saba. Kokoto zilikuwepo pale, naye hakuzigusa. Alikasirika mno, na mimi niko upande wake, kwa sababu kama kokoto zimeshawekwa kuwa mpaka, basi mstari mweupe hauna kazi ya kumnasa mtu kabla ya kuzifikia.

Hesabu yake si ngumu. Gari la Formula 1, kwa kanuni za 2026, lina upana wa mita 1.9. Kati ya mstari mweupe na kokoto, iachwe nafasi ndogo kuliko hiyo. Hapo gari haliwezi kupeleka matairi yote manne nje bila angalau moja kuingia kwenye kokoto. Wenye viwanja wana miezi ya mapumziko kila mwaka, na wana vipimo vya kila kona. Waanze na zile kona ambazo kila msimu zinafuta mizunguko ya watu.