Eti tukiwatoa watoto kazini biashara itakufa

Kila ukigusa habari ya ajira ya watoto hakosi mtu wa kukwambia kaa kimya, huo ni uchumi, ukiwatoa hao watoto biashara inakufa na nyumbani kwao wanalala njaa. Hoja hii inanikera sana, maana ina karibu miaka 200 na ilishapimwa ikaonekana ya uongo.

Rudi Uingereza enzi zile za viwanda vya pamba. Kulikuwa na watoto ambao kazi yao ni kutambaa chini ya mashine huku inatembea, wanaokota pamba na vumbi lililodondoka, mashine ikirudi mtoto analala chini kabisa isimponde, kwa sababu kuizima dakika mbili ni hasara kwa tajiri. Migodini ndo usiseme, mtoto hata miaka 7 hajafika anakaa gizani kutwa nzima peke yake, anafungua na kufunga mlango wa hewa makaa ya mawe yakipita. Sheria ya 1833 ikaja kuzuia viwanda vingi vya nguo kuajiri walio chini ya miaka 9, na wakaguzi walioteuliwa wakawa 4. Wanne tu, nchi nzima!

Matajiri walilia kweli kweli. Mwaka 1837 mchumi Nassau Senior akaandika kwamba faida yote ya kiwanda inapatikana saa ya mwisho ya kazi, kwa hiyo ukipunguza muda umekiua. Miaka 10 baadaye Bunge likapitisha kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana, na viwanda vikaendelea kutajirisha watu kama kawaida.

Sasa njoo leo. Makadirio ya ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, na UNICEF ya 2024 ni watoto milioni 138 kwenye ajira ya watoto duniani, milioni 54 kati yao kwenye kazi za hatari, na walio wengi wako mashambani. Chukua kakao. Mwaka 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilisaini makubaliano ya kumaliza aina mbaya kabisa za ajira hii ifikapo 2005, 2005 ikapita, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na utafiti uliotoka 2020 ukakuta watoto kama milioni 1.56 kwenye kakao ya Ivory Coast na Ghana.

Kinachoniuma hasa ni hiki: kakao kabla haijasafirishwa inapimwa unyevu, punje zinakatwa katikati kuangalia kama zina ukungu. Punje inajulikana mpaka tumboni, lakini ukiuliza nani alishika panga kupasua lile tunda unaambiwa mnyororo ni mrefu, ni vigumu kufuatilia. Si vigumu jamani, ni kwamba ukungu unawapotezea hela na mtoto hawapotezei.

Na sisemi mtoto asimsaidie mama yake akitoka shule, hilo halina ubaya. Nasema panga, dawa za kunyunyizia, mizigo inayomzidi uzito, na darasa ambalo halioni kabisa. Mzazi naye msimrukie kumlaumu, mkulima anayelipwa bei isiyotosha kuajiri kibarua mtu mzima atamtumia nani kama si mwanawe? Kwa hiyo kampuni ikitangaza faida ya mwaka isituonyeshe picha za madarasa iliyojenga, ituonyeshe kwanza ilimlipa mkulima shilingi ngapi kwa kilo, na kama hiyo bei inatosha kuweka mtu mzima shambani.