Tuacheni tujenge kidogo kidogo, ila barabara itangulie

Watanzania tulioko Uingereza tukianza kuzungumzia makazi holela ya Dar es Salaam, lazima mmoja aseme Manzese ivunjwe yote, yapandishwe maghorofa kama ya huku. Sikubaliani naye hata kidogo.

Huku watu wengi hawajengi. Unanunua nyumba iliyokamilika, unalipa mkopo miaka 25 au 30, na ukikosa marejesho miezi michache benki inaanza kukuandikia barua. Mtu wa kipato cha kubangaiza hana pa kuanzia, atapanga mpaka uzeeni. Nyumbani pa kuanzia papo. Mama yangu mdogo alianza Tandale, jirani na Manzese, na vyumba viwili vya uani. Alipaua, akahamia kabla ya plasta, madirisha mengine ameyaziba kwa matofali. Chumba kimoja akapangisha, kodi ikawa inanunua simenti mifuko miwili, mitatu. Nyumba kubwa ikasimama polepole, na leo haidaiwi na mtu. Hakuna benki ambayo ingemkopesha mama muuza vitumbua pesa ya nyumba nzima, kwa hiyo anayetaka kuufuta ujenzi wa namna hii atuambie kwanza watu kama yeye watalala wapi.

Kasoro ya Tandale iko nje ya mlango. Uchochoro ni mwembamba kiasi kwamba jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa ubavu. Gari la kunyonya majitaka haliingii, hivyo masika yakianza wapo wanaotapisha vyoo, na uchafu unapita kwenye vibaraza vya majirani. Nyumba ikishika moto, zimamoto inaishia barabara kubwa. Ninachokionea wivu huku ni hicho tu: bomba, mfereji na njia vilivyowekwa mahali pake.

Na tulishawahi kukifanya wenyewe. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi ya wanyonge, na miaka michache baadaye, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikapima viwanja Sinza na Kijitonyama, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha wananchi wakajenga kwa uwezo wao. Manzese, iliyokwisha kujaa, nayo ilipata barabara na maji katika mpango huohuo, ila huduma zilibidi zijipenyeze katikati ya nyumba. Watafiti waliolinganisha maeneo ya aina hizo mbili miongo kadhaa baadaye, Dar na miji mingine ya Tanzania, walikuta nyumba bora zaidi kule ambako kiwanja kilitangulia. Tembea Sinza leo: mitaa imenyooka, na nyumba nyingi za chini zimegeuzwa ghorofa na wenyewe.

Simaanishi waliokwisha kubanana watelekezwe. Katika mtaa wa Hanna Nassif, Dar es Salaam, miaka ya 1990, wakazi walichimba mitaro na kutengeneza barabara za mtaa wao kwa vibarua vya humohumo, na mafuriko yakapungua. Kazi kama ile inafaa Tandale na Manzese, hata kama itabidi nyumba chache zilipwe fidia ili gari lipite.

Lakini linaloniumiza zaidi ni Chanika na Msongola, pembezoni mwa jiji, ambako mashamba bado yanakatwa na kuuzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na kila muuzaji anaacha njia anayoitaka yeye. Wengi wanaonunua ni sisi tunaotuma pesa kutoka nje! Kabla fundi hajachimba msingi, tuulize barabara inapita wapi, na jibu liwe la halmashauri, siyo la dalali. Halmashauri nayo iwahi kuweka mawe ya mipaka ya barabara na mitaro wakati bado ni mihogo. Mradi wa viwanja 20,000 wa mwaka 2002 ulipima pembezoni mwa jiji, ila bei iliwashinda wa kipato cha chini. Safari hii wapime viwanja vidogo, vinavyolipika kwa awamu, na anayetaka kuanza na vyumba viwili vya uani aruhusiwe kuhamia.