Filta ya kuosha kwenye dizeli yenye tabo: ni nguvu au ni mlio?

Ukiuliza habari za filta ya hewa katika gereji za Malindi, utakuta watu wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lasema: toa ile ya karatasi iliyokuja na gari, tia ya pamba yenye mafuta, ya kuosha na kurudisha, na Hilux yako itaruka. Fungu la pili lasema hizo ni pesa za kutupa, filta ni filta. Mimi naegemea fungu la pili, ila si kwa sababu wanayoitoa wao.

Tuanze na injini. Ya petroli ina kilango kinachopunguza hewa kila unapoachia pedali ya mafuta. Dizeli haiendeshwi hivyo. Yenyewe huvuta hewa kadiri inavyoweza, na nguvu inategemea nozo zimemwaga dizeli kiasi gani. Karibu wakati wote hewa iliyomo ndani ya silinda ni nyingi kuliko inayohitajika kuchoma mafuta yaliyoingia. Ukiiongezea hewa bila kuongeza dizeli, hakuna kitu cha ziada cha kuungua.

Halafu kuna tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini. Kwenye dizeli za siku hizi, sensa iliyo baada ya tabo hupima presha na kuipelekea kompyuta ya injini, na kompyuta ina kiwango chake inachokitaka. Filta ikizuia hewa kidogo, kompyuta hugeuza vibawa vya tabo mpaka presha ifike pale pale. Kwa hesabu, hapa pwani hewa ina presha ya kilopaskali 101 hivi, na filta safi, gari likiwa limekanyagwa hadi mwisho, hupoteza moja au mbili tu. Tuseme filta ya bei kubwa imekuokolea moja. Ni asilimia moja ya hewa inayoingia, na tabo ilikuwa tayari inaifidia. Mwili wa dereva hauwezi kuhisi hiyo.

Lakini watu wanahisi, na sidhani wanadanganya. Mara nyingi filta iliyotolewa ilikuwa imeshikana vumbi mwaka mzima, na iliyowekwa ni mpya. Mpya yoyote, hata ya karatasi, ingeleta tofauti ile ile. Ripoti ya mwaka 2009 ya maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilieleza majaribio ya magari ya petroli ya kisasa kwa filta zilizozibwa makusudi: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, ila magari yalizidi kuchelewa kushika kasi. Dizeli iliyozibwa sana nayo hukosa hewa, ikatoa moshi mweusi, na tabo ikafanya kazi ya ziada. Kisha kuna mlio. Filta ya wazi, ile ya umbo la pia inayokaa bila boksi, huiachia tabo ipige mluzi hadi ndani ya gari, na sikio likisikia mluzi, mguu nao huamini. Kumbe filta hiyo ya wazi imekaa chini ya boneti, inavuta hewa ya moto. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 hupungua uzito kwa karibu asilimia 9. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, itapoza kiasi, lakini umelipa pesa ili uanze na hewa mbovu zaidi.

Fungu la kwanza lina hoja zake za haki. Gari lililoongezewa nguvu kwenye kompyuta, au la zamani lenye pampu iliyofunguliwa imwage dizeli zaidi, huweza kufika mahali ambapo boksi la kiwandani limekuwa dogo kweli. Hapo filta inayopitisha hewa kwa urahisi ina kazi. Tena mtu wa Kipini au wa visiwani anayekaa mbali na duka la spea ana sababu ya kutaka kitu cha kuosha kuliko kungoja filta mpya ije na basi. Na si zote za kuosha ni sawa: za sponji yenye mafuta, za tabaka mbili, zina jina zuri kwa wanaopita majangwa ya Australia. Ukiniambia umeichagua kwa ajili ya kuosha, nitakuelewa. Ukiniambia ni kwa ajili ya nguvu, tutabishana.

Sababu yangu kubwa ni vumbi, kwa kuwa gari la Malindi halikai kwenye lami. Wale wanaopeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, ukishaipita Kakoneni na Lango Baya, na wale wa Mambrui kwenda Marafa wakati wa kaskazi, wanajua vumbi ni nini. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, hukutana kwanza na feni ya tabo, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, zikaila ncha zake. Halafu ringi na silinda, halafu oili. Gari huanza kula oili polepole, na hakuna anayekumbuka kuilaumu filta.

Ndiyo maana zile asilimia zinazoandikwa kwenye maboksi zataka kusomwa kinyume. Filta nzuri ya karatasi hushika asilimia 99 na zaidi ya vumbi la majaribio. Nyingine ikishika 98, muuzaji atakwambia tofauti ni moja tu. Isome kwa upande wa vumbi linalopita: ya kwanza imepitisha sehemu moja katika mia, ya pili mbili. Ni maradufu, kila safari. Nairobi kwenye lami unaweza kuishi nayo. Njia ya Sala mimi sithubutu.

Filta ya pamba ina balaa jingine, na hili ni la mkono wa mwoshaji. Mafuta yakizidi, huvutwa na hewa na kuganda kwenye sensa inayopima hewa inayoingia. Sensa ikasoma hewa ndogo, kompyuta inabana dizeli ili kuzuia moshi, na gari lililotafutiwa nguvu linakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Yakipungua, vumbi linapita. Kwa hiyo inataka mtu mwenye subira, aioshe, aikaushe kivulini, aipake kwa kipimo. Kwa gari linaloendeshwa na madereva watatu wa zamu, nani atafanya hivyo?

Wenzangu wa karatasi nao wana dhambi zao, na ni kubwa. Kila sevisi filta inapulizwa kwa kompresa mpaka ing'ae. Karatasi iliyoshika vumbi kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko mpya, maana vumbi lenyewe huziba vile vitundu vikubwa. Upepo wa kompresa huondoa hilo, na ukiwa mkali hutoboa karatasi matundu usiyoyaona. Filta feki yenye mpira usiokaza pembeni ni mbaya kuliko ya pamba iliyotunzwa, hilo nakubali bila ubishi. Afadhali ubadilishe kwa wakati kuliko kupuliza kila mara. Malori mengi yana kipimo kidogo kwenye bomba kinachogeuka chekundu filta ikizuia sana. Kukifunga kwenye gari la safari si kazi kubwa.

Aliyeshika pesa ya filta ya kuosha na gari lake ni la njia ya Sala, aichangie kwenye snokeli, bomba la hewa linalopanda hadi paani, inyonye hewa kule juu ambako vumbi ni jepesi, na aache nafasi nyuma ya lori. Kisha afungue bomba linalotoka boksi la filta kwenda kwenye tabo, apitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu kwa vumbi, aanze na mpira wa filta na klipu za boksi kabla ya kununua chochote.