Sijawaachanisha Babu na Bibi

Naanza na hili kwa sababu simu haipumziki tangu juzi: sijawaachanisha babu na bibi. Aliyeeneza hayo ni shoga yangu muuza chipsi, aliyekuja kuomba kaa la moto, akakuta mwisho wa sinema, kisha akaenda kuihadithia kuanzia mwanzo. Mikindani ni ndogo. Magharibi haijaingia, shangazi ananipigia kutoka Masasi kunipa pole ya talaka.

Pete ya bibi mnaijua, nimewachosha nayo humu. Ya fedha, ina ua la asumini, haijatoka kidoleni tangu aolewe. Sabuni imeshindwa, mafuta ya nazi yameshindwa. Sasa binamu anaolewa, anataka ya kufanana nayo. Kwa kawaida pete unaizamisha kwenye raba ya maji, ile silikoni ya kumimina, ikiganda unaichana kwa wembe unaitoa, lile tundu unalijaza nta, nta inakwenda kwa sonara kumiminwa fedha. Na pete isiyotoka kidoleni je? Mimi, kwa akili hizi nilizojaliwa, nikasema tuzamishe na kidole.

Bibi akanyoosha mkono. "Haya, mke mwenzangu, nifanyie." (Hilo jina lishikeni, litanirudia.)

Raba yenyewe ni ile ya platinamu, yaani platinamu ndiyo inayoigandisha: kopo A na kopo B, sawa kwa sawa, unakoroga taratibu usiingize mapovu. Lebo inasema saa 4 za kuganda kwenye nyuzi 23. Nyuzi 23, Mtwara, Novemba! Huku hata kopo lenyewe linatoka jasho, na joto huiharakisha raba, kwa hiyo nikakisia itatosha saa moja na nusu. Nikaogopa kuharibu hina ya bibi, nikakata kidole cha glavu ya mpira, zile nyeupe za duka la dawa, nikamvisha mpaka chini ya pete. Nilijiona daktari.

Kidole kikaning'inia ndani ya kichupa cha vidonge nilichokikata shingo. Nikamimina uzi mwembamba, kutoka juu, upande mmoja, mpaka pete ikazama. "Baridi kama uji wa jana," bibi akasema, akasinzia. Barazani babu na wenzake wanabishana bei ya mnada wa korosho.

Ikaadhiniwa alasiri. "Nitoe hii kitu, nikatawadhe."

Nikabonyeza juu: imeganda, ngumu kama ufizi. Furaha! Nikachana kichupa, bibi akabaki amevaa muhogo wa raba. Nikasogeza wembe niuchane na muhogo. Akarudisha mkono. "Hunikati. Vuta."

Nikavuta. Kimya. Bibi akashika fremu ya mlango, mimi nikakanyaga kizingiti, nikavuta tena. Ndani kukasema *chwaa*. Kitu cha rangi ya maziwa kikaanza kunichuruzikia kwenye kiganja, na hapo hapo nikakumbuka. Salfa! Glavu za mpira zina salfa, na salfa huilevya platinamu. Raba iliyogusana nayo haigandi hata uingoje mpaka mikorosho itoe maua tena. Niliyaandika haya kwenye daftari kwa kalamu nyekundu! Kwa hiyo juu raba imeganda, imeikamata pete kama koleo, na chini kuna ute unaoteleza kushinda mafuta yote ya nazi ya mji huu. Na mimi, badala ya kuacha, bado navuta. Nikaiona ngozi ya bibi ikijikunja kwenye kifundo. Nikaona macho yake yakinitazama, hayana hasira, yanashangaa tu.

*Pwa!*

Nikaenda kinyumenyume, nikakaa ndani ya beseni la maji ya udhu, muhogo mkononi, pete ndani ya muhogo. Bibi akakitazama kidole. Pana mstari mweupe, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa leo. Barazani hata korosho zikakosa bei. Ndipo akapaza sauti:

"Mzee! Mke mdogo kanivua pete! Nimeachika huku!"

Na mlangoni nani kasimama na kibakuli cha kuombea moto?

Yaliyobaki ni haya. Bibi hakuumia, alisali. Muhogo nimeutupa. Pete nimeisafisha kwa spiriti, na sasa ipo mezani, inazamishika peke yake kama pete za watu wengine. Nimenunua glavu za naitraili, si zile nyeupe za mpira, msiniandikie.

Ila bibi hataki kuivaa tena bila mahari mapya: gunia la korosho daraja la kwanza na doti mbili za kanga. Babu anauliza tangu lini mke wa zamani akalipiwa bei ya msimu huu. Jana usiku tumekula sahani moja, watatu, na kila mmoja ananituma nimwambie mwenzake asogeze chumvi.