Fedha za fidia ya opioidi: lipieni pale pasipo na mlipaji

Kampuni zilizotengeneza, kusambaza na kuuza vidonge vya opioidi, dawa kali za maumivu zinazoleta uraibu, nchini Marekani zilishtakiwa na zimekubali kulipa zaidi ya dola bilioni 50 kwa majimbo, kaunti na miji. Wasambazaji watatu wakubwa, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen (siku hizi Cencora), waliahidi hadi bilioni 21 katika miaka 18. Johnson & Johnson iliahidi hadi bilioni 5 katika muda usiozidi miaka 9. Wakafuata watengenezaji Teva na Allergan, na maduka ya CVS, Walgreens na Walmart. Ukizisikia namba hizo utadhani miji imetajirika. Ukifungua daftari la mji wa kawaida utakuta ni fungu dogo la kila mwaka, mwaka huu limepanda, mwakani limeshuka, na siku moja litakauka.

Tulitazame jimbo la Maine, kwa sababu Portland na Lewiston zina familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda ambazo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na kwa sababu jimbo hilo limeumia. Mwaka 2022 zaidi ya watu 700 walikufa huko kwa kuzidisha dozi. Mwaka 2023 walikufa 607, na mwaka 2024 wakashuka hadi 490. Fedha zimegawanywa hivi: asilimia 50 zinakwenda kwa Maine Recovery Council, baraza la jimbo linalozigawa, 20 kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na 30 moja kwa moja kwa kaunti na miji. Hizo 30 ndizo mkazi wa kawaida anaweza kwenda kuzipigania kwenye kikao cha halmashauri.

Maoni yetu ni haya: mji usilipie kitu ambacho tayari kina mlipaji. Ulipie mapengo yaliyo katikati.

Kishawishi cha kufanya vinginevyo ni kikubwa. Mwaka 1998 kampuni za sigara zilikubaliana na majimbo 46 kulipa dola bilioni 206 katika miaka 25 ya kwanza, bila sharti la kweli kuhusu matumizi. Sehemu kubwa ikaishia kwenye barabara na kuziba nakisi za bajeti, na kinga dhidi ya uvutaji ikapata makombo. Safari hii mikataba inataka angalau asilimia 85 zitumike kupunguza madhara ya opioidi. Ni sharti zuri, ila orodha ya matumizi yanayoruhusiwa ni ndefu kiasi kwamba mwenye ulimi mzuri anaweza kupenyeza humo hata gari la polisi. Atasema gari litawahi wagonjwa. Mwulizeni: kabla ya fedha hizi, magari yalinunuliwa na bajeti gani? Kama ilikuwepo, hilo si kupunguza madhara, ni kuhamisha deni.

Swali hilohilo liulizwe hata kwa mambo mazuri. Maine ilipanua MaineCare, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwaka 2019, na bima hiyo inalipia buprenofini na methadoni, dawa za kutibu uraibu wa opioidi, pamoja na ushauri nasaha. Naloksoni, dawa ya puani inayomrudishia pumzi aliyezidisha opioidi, inanunuliwa na jimbo na kugawiwa bure kupitia mashirika yake. Mji unaotumia dola 20,000 kununua naloksoni dukani, kwa takriban dola 45 kwa boksi la dozi mbili, unapata maboksi 444 ambayo ungeweza kuyaomba bila kutoa senti. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafikisha mahali yanapohitajika na kuyakagua.

Hapo ndipo kazi huharibika. Boksi hufungiwa kwenye ofisi ya maktaba, ofisi hufungwa saa 11 jioni, na mtu huanguka chooni saa 12. Au kasha hutundikwa nje, majira ya baridi yakishuka chini ya nyuzi 15 hasi za Selsiasi dawa huganda, na hakuna aliyeandikwa jina lake kuwa ndiye mkaguzi. Au anayetoa msaada hukijaribu kifaa kwanza ili aone kama kinafanya kazi, na kwa kuwa kifaa kimoja kina dozi moja tu, ameshaimwaga hewani. Mafunzo ya dakika 20 yanatosha kuzuia hilo la mwisho: piga 911, namba ya dharura, mlaze chali, ingiza ncha puani, sukuma mara moja, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5, ngoja dakika 2 hadi 3, kisha toa ya pili kwenye pua nyingine kama bado hapumui vizuri. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze alale ubavu. Msimwache aende zake. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, na opioidi iliyo mwilini inaweza kudumu kuliko hapo, kwa hiyo anaweza kuacha kupumua tena. Ataamka na arosto kali, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, atakasirika, atataka kuondoka. Hiyo ni kawaida, na anayesaidia aambiwe mapema ili asishangae.

Kuhusu 911 pana jambo ambalo vipeperushi hulipita juujuu. Sheria ya Maine, iliyopanuliwa mwaka 2022, inawakinga waliopo kwenye tukio wasikamatwe kwa makosa mengi yasiyo ya ukatili. Lakini ni sheria ya jimbo, haiamui mambo ya uhamiaji. Familia ambayo kesi yake ya hifadhi bado iko mahakamani inasita, na kwa mtu aliyeacha kupumua, dakika chache za kusita zinaua. Mafunzo kwa wahamiaji yawe na mwanasheria wa uhamiaji chumbani, hata kwa nusu saa.

Aliyepona kifo jana ni miongoni mwa watumiaji walio hatarini zaidi mtaani. Hospitali humpa karatasi yenye namba ya simu na kumruhusu. Karatasi haitoshi. Pengo hili ndilo tungelilipia kabla ya yote: mwelimishaji rika, yaani mtu aliyepitia uraibu mwenyewe na kupata nafuu, anayelipwa mshahara kamili, anayefika kwa mgonjwa ndani ya saa 72, na ikiwezekana siku hiyohiyo. Anakuja na naloksoni, anajua ni kliniki gani itampa buprenofini kesho asubuhi, na ana gari. Tangu mwishoni mwa 2022 daktari hahitaji tena kibali maalumu cha shirikisho ili kuandika buprenofini, kwa hiyo kisingizio cha kutopata mwandikaji kimepungua. Kilichobaki ni kumfikisha mtu mlangoni wakati arosto imeshaanza, kwa maana buprenofini ikitolewa mapema mno, fentanili, opioidi kali ya maabara, ikiwa bado imejaa mwilini, inaleta arosto ya ghafla na mgonjwa hatarudi tena. Mwelimishaji anayejua kumtuliza mtu kwa saa hizo chache ana thamani kuliko mabango yote ya barabarani. Naye awe anaishi mji huohuo, siyo mwendo wa saa nzima. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Pengo la pili ni jela ya kaunti. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, uliotoka mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine. Sababu inaeleweka: mwili umeshasahau dawa, na mtu anarudia kipimo chake cha zamani. Rhode Island ilianza mwaka 2016 kutoa methadoni, buprenofini na naltreksoni, dawa nyingine ya uraibu, kwenye magereza yake. Miezi sita ya kwanza ya 2017 ilipolinganishwa na miezi kama hiyo ya 2016, vifo vya kuzidisha dozi miongoni mwa waliotoka karibuni vilishuka kutoka 26 hadi 9. Maine yenyewe ina kesi yake: mwaka 2019 mahakama za shirikisho ziliamuru jela ya kaunti ya Aroostook impe mwanamke mmoja buprenofini yake aliyokuwa akiitumia kabla ya kufungwa.

Jela inafaa fedha hizi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kwa sheria ya mwaka 1965 bima ya serikali kwa kawaida hailipii matibabu ya mtu akiwa ndani. Mlipaji hayupo. Mfungwa akipewa sindano ya buprenofini ya mwezi mmoja siku chache kabla ya kutoka, zile wiki mbili za hatari anazivuka akiwa na dawa mwilini, hata kama simu imepotea na miadi imempita. Sindano moja ni zaidi ya dola 1,500, ndiyo maana msimamizi wa jela anaikwepa. Jela ni ya kaunti na mji ni mji, kila mmoja ana fungu lake. Wakikaa meza moja na kuandika makubaliano ya kurasa mbili, kaunti ilipie dawa na mji ulipie mtu wa kumpokea getini, kazi imefanyika. Wasipokaa, kila mmoja atasema jambo hili ni la mwenzake.

Nyumba za upataji nafuu ni jambo la tatu, na hapa tahadhari inahitajika. Mji usinunue jengo. Jengo lina paa, boila na kodi za miaka 30, na fedha hizi hazina umri huo. Mtindo wa Oxford House, ulioanzia Silver Spring, Maryland, mwaka 1975, unafaa kuigwa: wakazi wanapanga nyumba, wanaiendesha wenyewe kwa kura na kulipa kodi kutoka mifukoni mwao. Kinachowashinda wengi ni mwezi wa kwanza, kabla ya mshahara. Kama kodi ni dola 200 kwa wiki, dola 20,000 zinawalipia watu 25 wiki nne kila mmoja. Sharti moja liandikwe kwenye mkataba bila kupepesa macho: nyumba isimkatae mtu kwa kuwa anatumia methadoni au buprenofini kwa maelekezo ya daktari. Wizara ya sheria ya Marekani ilieleza mwaka 2022 kwamba kumbagua mtu kwa sababu hiyo kunavunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Bado zipo nyumba zinazofanya hivyo, na zipo zinazotaka mtu asafishwe kwanza kwa siku 7 bila dawa yoyote. Msafishe mtu bila kumpa dawa ya kuendelea nayo, na umemwandalia yaleyale ya anayetoka jela.

Methadoni ina shida ya nauli, kama wanavyojua waliofuata kliniki ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu ilipofunguliwa mwaka 2011: dawa ni bure, basi la kila siku si bure. Kanuni mpya za shirikisho za 2024 zinaruhusu mgonjwa abebe dozi za hadi siku 7 katika wiki mbili za mwanzo, 14 kuanzia siku ya 15, na 28 kuanzia siku ya 31. Kliniki hazilazimiki kufikia kiwango hicho, na nyingine hazifiki. MaineCare hulipia usafiri wa kwenda hospitali, lakini lazima uombe mapema, na uraibu haupangi ratiba. Kwa hiyo wekeni kiasi kidogo cha nauli ya siku hiyohiyo.

Kuhusu kinga kwa vijana tutasema machache, maana hapa ndipo fedha hupotea kwa nia njema. Mpango wa DARE, ulioanza Los Angeles mwaka 1983, ulimleta polisi darasani kuwaambia watoto wakatae, na tafiti nyingi hazikuona kwamba ulipunguza matumizi. Mabango na fulana ni mkondo huohuo. Yenye ushahidi ni ya kuchosha na ya muda mrefu, kama Good Behavior Game, mchezo wa kujenga nidhamu darasani, ambao mwalimu wa darasa la kwanza hufundishwa kuuendesha katika masomo ya kila siku. Ombeni fedha za hayo kwa Recovery Council. Kwa wazazi wetu ujumbe mmoja unatosha: kidonge alichonunua mtoto kupitia simu hakikutoka duka la dawa. Mwaka 2023 DEA, shirika la shirikisho la kupambana na dawa za kulevya, lilipima vidonge bandia vya fentanili na kukuta 7 kati ya 10 vina angalau miligramu 2, kiasi kinachoweza kuua.

Na lugha. Hospitali inayopokea fedha za shirikisho inapaswa kuleta mkalimani, kwa hiyo msiilipie hospitali, idaini. Lipieni mkalimani wa mwelimishaji rika anapokwenda nyumbani na kukuta mama haelewi, na mtoto wa miaka 12 ndiye anayetafsiri habari za kaka yake. Vipeperushi vya Kiswahili sanifu kilichokazwa humshinda mtu wa Uvira au Bukavu. Sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp, iliyosomwa na mtu wa huko, hufika mbali zaidi.

Tuweke hesabu ya mfano, mji unaopata dola 120,000 kwa mwaka: 66,000 kwa mwelimishaji rika mmoja pamoja na bima na kodi zake, 20,000 kwa mwezi wa kwanza wa nyumba, 12,000 kwa nauli na simu, 8,000 kwa wakalimani. Zinabaki 14,000, na hizo zisiguswe. Watakuja watu wa kamera, wa programu za kompyuta na wa makongamano kuziulizia. Malipo ya Johnson & Johnson yataisha miaka mingi kabla ya yale ya wasambazaji, na fungu likishuka ghafla, akiba ya miaka mitano, dola 70,000, italipa mshahara wa mwelimishaji kwa mwaka mmoja zaidi wakati halmashauri inatafuta mlipaji mwingine.