Mawimbi ya ubongo: kijana wetu atoe ujana wake humo?

Mpwa wangu wa hapa Moshi anataka akasome PhD ya mawimbi ya ubongo, yaani midundo ya umeme inayotoka kwenye ubongo, mama yake, dada yangu, hataki, anasema ni miaka na miaka ya kuhangaika na panya wakati huku watu wanaumwa kifafa na pa kupimiwa ni shida. Nimekaa na wote wawili na kila mmoja ana hoja.

Mawimbi yenyewe sio mapya, Hans Berger aliyarekodi kwa binadamu kule Jena, Ujerumani, 1924, akatangaza 1929. Mtu akifumba macho linatokea wimbi la kama mara 10 kwa sekunde, akifumbua linafifia. Sasa miaka 100 imepita na wataalamu bado wanabishana, wimbi linafanya kazi au ni kelele tu za neva zikiwa kazini? Wanaosema kelele wana pointi, maana mngurumo wa Hiace unausikia mtaa mzima lakini sio unaozungusha tairi.

Ila jaribio la 2009 la watafiti Gabrielle Girardeau, Michaël Zugaro na wenzao, György Buzsáki akiwemo, ndo lilinigeuza. Panya akilala, hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, inatoa vishindo vifupi vya mara zaidi ya 100 kwa sekunde. Wakawa wanavikatiza kwa umeme kila vikitokea, na wale panya wakajifunza njia ya chakula vibaya kuliko wenzao waliopigwa umeme huohuo nje ya vishindo. Kelele tu isingeleta hayo. Japo ukikatiza wimbi umezivuruga na neva zinazolitoa, kwa hiyo ubishi haujaisha.

Alafu kuna mdogo wake huyo mpwa wangu. Siku ya kupimwa EEG, kile kipimo cha kurekodi mawimbi ya ubongo, tulimfumua rasta zote usiku wa kuamkia, asubuhi akabandikwa waya kichwani, akaambiwa apumue kwa nguvu dakika 3, mara akaduwaa, macho wazi haoni, na kwenye skrini mistari yote ikawa inaruka pamoja mara 3 kwa sekunde. Kumbe ni kifafa, na shuleni walikuwa wanamchapa eti anaota mchana! Dada anasema ndo maana tunahitaji daktari, kijana anajibu, "Mama, ile ni saketi ya thalamasi, kile kituo cha katikati ya ubongo, na gamba la ubongo imenasa kwenye mdundo, nani ataielewa tusiposoma?"

Mi nipo upande wa kijana, ila hofu ya dada naielewa, maabara hizo ziko mbali na wengi wakienda hawarudi. Nimemwambia kwenye maombi aandike wazi anataka kifafa, na rekodi za watu, sio panya peke yake. Jana dada kaniuliza nauli ni shilingi ngapi.